Gari la Irja Chini ya Theluji

Irja Saarela alipika katika jiko la shule kwa miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo hakuna aliyewahi kumwona akijinunulia kitu cha anasa. Kwa hiyo kiangazi kile alipostaafu na kurudi nyumbani akiendesha gari jekundu la paa la turubai, la kukunjwa nyuma kama mkeka, kijiji kizima kilishika mdomo. Huku Keweenaw, rasi ya kaskazini mwa Marekani iliyochomoza ziwani, theluji huanza Novemba na kuaga mwisho wa Aprili, na mwaka ukiwa mkorofi hufunika madirisha. Mwenye akili zake hununua pikapu.

Kaka yake, Waino, ndiye aliyelitamka lililokuwa mioyoni mwa wengi. Alilitamkia mgahawani, asubuhi, watu wamejaa, Irja mwenyewe akiwamo.

"Mmesikia ya mdogo wangu? Kanunua hema lenye magurudumu. Krismasi atatualika tukalale humo."

Watu walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Waino, huku bado anacheka, akaongeza kwamba banda lake lina nafasi, alilete hema lake walifiche lisiwatie aibu. Nia yake huenda ilikuwa njema. Ila kuna watu hawajui kukupa kitu bila kukugonga nacho kichwani kwanza, na Waino alikuwa wa kabila hilo. Irja aliweka kikombe chini, akavaa koti, akatoka. Ilikuwa Septemba. Tangu siku hiyo hakumpa kaka yake hata salamu, na aliapa kwamba gari litalala nje, kwake mwenyewe, na litafika masika bila tundu hata moja. Kiapo hicho ndicho kilichokuwa kikimwamsha asubuhi.

Na kazi aliifanya, tusimsingizie. Aliliosha turubai kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, akaliacha likauke siku mbili juani lisije likaota ukungu, akalipaka dawa ya kuzuia maji. Betri aliitoa akaihifadhi chini ya nyumba. Bomba la moshi aliliziba kwa stilwaya ya kusugulia masufuria, panya wasihamie. Ndani aliweka gogo la kuegemeza fito za paa. Theluji ilipoanza, alitoka mara mbili kwa siku na ufagio laini, akafagia kabla haijapata uzito. Beleshi hakulikaribisha hata siku moja.

Mahali pa kuliegesha alichagua upande wa kusini wa nyumba, karibu na ukuta, ambako upepo wa ziwani haufiki. Hapo palikuwa na shida moja. Kila majira ya baridi, theluji ya paa la nyumba ile ilisukumwa upande huohuo wa kusini, kwa sababu kaskazini kuna mlango na njia. Irja aliamua kwamba mwaka huu itasukumwa kaskazini, hata kama atalazimika kuingilia dirishani. Uamuzi huo ulikaa kichwani mwake peke yake.

Januari nyongo ikamgeuka. Marlene, jirani yake, alimpeleka hospitali mjini akiwa amejikunja kwa maumivu, na madaktari wakampasua siku hiyohiyo. Siku tatu alizoambiwa zikawa tisa, maana kidonda kilileta homa, kisha dhoruba ikafunga barabara. Irja alilala akitazama theluji ikipita dirishani, akihesabu moyoni ni inchi ngapi zimekwisha kulilalia turubai lake, na baadaye ni futi ngapi.

"Nimpigie Waino aje akufagilie?" Marlene aliuliza kwenye simu. Yeye mwenyewe goti lake lilikuwa bovu, theluji ya kina hakuiweza, na kwake, nyuma ya kona, nyumba ya Irja haionekani.

"Usithubutu. Aje acheke tena? Bora lioze."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Irja hilo alilijua. Lakini alijua pia kicheko cha mgahawani, na kicheko kilimuuma kuliko kidonda.

Siku ya kumi barabara ikafunguliwa, Marlene akaja kumchukua. Walipokata kona ya mwisho, Irja aliinua shingo, na kilichomshtua kwanza ni paa la nyumba. Lilikuwa jeusi, safi, halina hata ukoko wa theluji. Huku kwetu ndivyo ilivyo: paa la mgonjwa likielemewa, mtu hupanda akalisafisha, haombwi wala haombi ruhusa. Kisha Irja akatazama upande wa kusini.

Kulikuwa na kilima. Kilianzia barabarani kikapanda hadi juu ya madirisha, kimeshindiliwa, kigumu. Juu yake alisimama Waino na beleshi lake pana, mzee wa miaka sitini na minane mwenye moyo uliokwisha kumlaza kitandani mara mbili, anamalizia ukingo wa paa.

Irja alishuka garini bila kungoja mkono wa Marlene. Alipigwa na butwaa kiasi kwamba baridi hakuisikia. Alitafuta rangi nyekundu, hakuiona. Alitafuta mti mrefu wenye kitambaa cha rangi ya chungwa aliouchomeka kuonyesha pua ya gari, hakuuona.

"Umerudi," Waino alisema kutoka juu. Sauti yake ilikuwa na haya, kama ya mtu anayebisha hodi. "Nimekuwashia jiko pia, mabomba yasigande. Siku mbili niko hapa. Paa lilikuwa linalia, mdogo wangu, lingekuangukia."

Irja alipiga hatua mbili kuelekea kilima.

"Tena nimefurahi," Waino akaendelea. "Nilipofika sikuliona gari. Nikasema, afadhali, kapata akili, kalipeleka kwa mtu. Hata kama si kwangu."

"Waino."

"Nini?"

"Umesimama juu yake."

Waino alitazama miguu yake. Kisha akashuka taratibu, kwa makalio, asiukanyage ule mlima tena. Uso wake ulikuwa umeishiwa damu, na Marlene aliogopa kwamba moyo wake ndio unamsumbua.

"Niliona kichuguu tu," alisema. "Nilidhani ni kuni zako."

Alianza kuchimba. Irja, ambaye hakuruhusiwa kuinua hata birika, aliketi kwenye ngazi amefunikwa blanketi.

"Usitumie beleshi. Litachana turubai."

Waino akalitupa beleshi, akachimba kwa mikono. Alichimba saa nzima na zaidi, akipumua kwa kelele, na Irja akimwambia apumzike hakusikia. Hatimaye nyekundu ikaonekana. Fito za paa zilikuwa zimepinda hadi kwenye viti. Lile gogo lililowekwa kuegemeza ndilo lililotoboa turubai likatokeza nje, na dirisha la nyuma la plastiki lilikuwa vipande. Ndani theluji ilijaa hadi kwenye usukani.

Miaka thelathini na mmoja ya masufuria ya watu, na kitu chake kimoja hiki hapa, kimekunjika. Irja alitaka kupiga kelele, akamtazama wa kumpigia. Waino alikuwa amepiga magoti kando ya mlango wa gari, vidole vyake vyekundu vimechanika kucha, analia. Irja hakuwahi kumwona akilia, hata siku walipomzika baba yao. Hilo lilimshtua kuliko gari.

"Kwa nini hukuniambia liko hapa?" Waino aliuliza. "Simu si ulikuwa nayo?"

"Ungecheka."

Waino alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Ningecheka, ndiyo," alisema. "Halafu ningekuja kufagia. Kila siku ningekuja."

Irja alisogea pembeni kwenye ngazi, akainua ncha ya blanketi, kaka yake akaja akaketi.