Umri wa Thuwaini

Kama ulizaliwa Jang'ombe kabla ya mapinduzi, huenda mikono ya kwanza kukushika duniani ilikuwa ya Bi Wanu binti Pandu. Ukunga aliurithi kwa mamake, na ukali wa ulimi aliuzidisha mwenyewe. Mzazi akipiga kelele kupita kiasi, humwambia: "Usiku ule ulicheka peke yako, leo wataka tulie sote?" Mwanamke hucheka na uchungu wake, na mtoto hutoka. Bi Wanu hakujua kusoma, lakini ukimtajia mtoto yeyote aliyempokea angekwambia alizaliwa mvua ipi, na babake alikuwa wapi.

Sifa zake zilivuka mpaka mjini. Ndivyo alivyoitwa aende mtaa wa Malindi kwa Bi Hamda, mke wa Bwana Turki muuza vitambaa, mwaka hamsini na nne. Masika yalikuwa yamekolea, vichochoro vimejaa maji, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama jioni ile ile. Bi Wanu alifika na buibui limelowa hadi magotini, akampokea mtoto wa kiume. Wakamwita Thuwaini.

Miaka ikaenda, mapinduzi yakaja. Bwana Turki alitolewa mlangoni kwake na kukatwa mapanga, na mwanawe, bado mdogo, aliyaona yote akiwa kwenye ngazi. Waliomuua walikuwa watu wazima, wenye ndevu na wake, na hakuna aliyewauliza umri wao wala majina yao. Hilo liwekwe wazi mapema, kwa sababu huko mbele umri utaulizwa sana.

Bi Hamda alibaki na chumba kimoja cha chini na sindano ya kushonea kofia. Thuwaini alipopata nguvu akawa anauza machungwa ya kumenya karibu na bandari. Alikuwa kijana mkimya, hana rafiki wala ugomvi na mtu.

Bi Wanu naye alikuwa na mjukuu, Masoud, mtoto wa bintiye Mwatima. Alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, kijana wa maneno mengi, na ulimi ule hakuuokota mbali. Bibi yake alimpenda kwa ulimi huo huo.

Ramadhani ya mwaka sabini na moja mchele ulikuwa haba, na foleni ya dukani ilianza alfajiri. Masoud alijichomeka mbele ya Thuwaini. Thuwaini akamwambia arudi nyuma. Watu walikuwa na njaa na kiu, hakuna aliyetaka kusuluhisha. Masoud akacheka akasema, "Babako walipomchinja uliganda ngazini, leo ushujaa umeutoa wapi?"

Kisu cha machungwa kilikuwa kiunoni. Thuwaini alimchoma ubavuni. Masoud alikimbia, naye akamfuata mpaka kwenye pembe ya ukuta, akamchoma tena, na tena. Tusimpambe. Aliua, na aliyemuua alikuwa akimkimbia. Masoud alizikwa siku ile ile kabla ya magharibi, na Mwatima alilia mpaka sauti ikamkauka kabisa.

Baada ya Idi kesi ikasikilizwa. Walikaa mahakimu watatu, wala hapakuwa na wakili. Thuwaini alikiri, hivyo lililobaki lilikuwa moja tu: ahukumiwe kama nani? Mkubwa wao, Mzee Sheha, alieleza taratibu. Aliyetimiza miaka kumi na minane ni mtu mzima, na mtu mzima akiua hunyongwa. Aliyepungua, hata kwa mwezi mmoja, hufungwa, lakini hanyongwi. Sheria hupenda mstari: huku mtoto, huku mtu mzima, na shingo ya mtu hapo katikati.

Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Aliulizwa mama.

Bi Hamda alisimama wima. Alikuwa ameapa kwa Msahafu, na alidhani ukweli ndio utakaomnusuru mwanawe. "Mwanangu simpunguzii umri hata siku moja," alisema. "Kazaliwa mwandamo wa Ramadhani. Ramadhani hii katimiza kumi na minane."

Alihesabu kama alivyohesabu mamake, na kama tunavyohesabu sote: kwa Ramadhani. Lakini Ramadhani haikai pahala pamoja. Miezi yetu ni mifupi, na kila mwaka Ramadhani hutangulia siku kumi na moja hivi. Ile aliyozaliwa Thuwaini ilikuwa ndani ya masika. Hii aliyoua ilikuwa imeangukia vuli. Kwa hesabu ya kufunga alikuwa mtu mzima. Kwa hesabu ya Serikali, ya Januari na Disemba, alikuwa bado anayasubiri masika mengine ndipo atimize.

Bi Hamda hakulijua hilo. Mahakimu halikuwapitia akilini. Mle ndani alilijua mtu mmoja, aliyegombana na makarani juu ya hesabu hizo mbili miaka nenda miaka rudi kila alipowapeleka wazazi kuandikisha watoto.

"Bi Wanu," akaita Mzee Sheha.

"Naam."

"Wewe ndo uliyempokea kijana huyu. Asemayo mamake ni kweli?"

Bi Wanu alimtazama Thuwaini, akamwona Masoud kwenye sanda. Akamtazama Mwatima, aliyekuwa amemkazia macho. Akajiambia kwamba aliloulizwa ni kama mama amesema kweli, na mama amesema kweli. Sote tuna akili ya namna hiyo tunapoihitaji.

"Kweli," akasema. "Kumi na minane."

Thuwaini akahukumiwa kunyongwa.

Siku chache baadaye mlango wa Bi Wanu ukabishwa. Alikuwa Bi Hamda. Aliingia akapiga magoti, akaishika mikono ya Bi Wanu akaibusu.

"Nimekuja kuomba radhi ya marehemu," alisema. "Mwanangu anakwenda kwa Mola wake na damu ya mjukuu wako. Msameheni, asende na deni hilo. Nawe nnakushukuru. Ungeweza kusema maneno mabaya juu yetu pale, hukusema. Ulisema kweli tu."

Mwatima, aliyekuwa uani, ndiye aliyetoka na kusema kwa ile sauti yake iliyokauka, "Tumemsamehe, bibi. Nenda kapumzike." Hata Mwatima! Bi Wanu aliona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe.

Asubuhi alijitanda buibui akaenda kwa Mzee Sheha. Akamweleza yote: masika, vichochoro vilivyofurika, Ramadhani iliyotangulia mpaka vuli. "Kwa miaka yenu bado mtoto," akasema.

Mzee Sheha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Bi Wanu, juzi uliapa kumi na minane. Leo yule mama kaja kukulilia, na miaka imepungua. Tumwamini Bi Wanu yupi?"

"Wa leo."

"Wa juzi ndo aliyefiwa. Aliyefiwa hana sababu ya kutudanganya," alijibu Mzee Sheha. Akamuaga kwa heshima, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Thuwaini alinyongwa masika hayajaanza.

Bi Wanu alikwenda msibani Malindi. Alingoja wanawake wapungue, akasogea mkekani alipokuwa Bi Hamda. Bi Wanu mwenyewe hakuwa akilala tena, wala chakula hakimpiti. Alitaka kutua mzigo. Alitaka atukanwe, apigwe, afukuzwe mbele za watu, apumue. Akamweleza. Hakuficha kitu: kwamba alijua, kwamba angeweza kusema pale pale, kwamba alinyamaza kwa sababu ya Masoud.

Bi Hamda alimsikiliza bila kupepesa macho. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Kwa hesabu ya Serikali mwanangu alikuwa bado mtoto?"

"Bado, Bi Hamda. Nnakwambia mimi ndo nilomuua. Nlaani."

"Wewe ulisemaje pale?"

"Nlisema kweli, kumi na minane."

"Baada ya nani kusema?"

Hapo ndipo Bi Wanu alipoelewa amefanya nini. Alijaribu kumshika mkono. Bi Hamda hakuuvuta. Aliuacha tu mkononi mwa Bi Wanu, akatazama ukutani.

"Waliniuliza mimi mwanzo," alisema Bi Hamda. "Waliniuliza mimi mamake."