Mkono wa Chumba cha Leza

Kazini walimwita Mkono. Kwa miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyepanga vioo vya leza katika maabara ile, vioo vidogo kama kucha, ambavyo kimoja kikisogea unywele tu, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Miale ya leza ilikutana ndani ya chupa isiyo na hewa, ikazipunguza kasi atomi mpaka zikawa baridi kupita barafu yoyote, karibu zisimame kabisa. Hapo waliziachia zianguke. Kwa kupima zinavyoanguka, mashine hiyo iligundua kila mwendo na kila kona ya chombo ilichomo, na meli ingejua ilipo hata setilaiti zote zikinyamaza.

Mahesabu aliyajua Daktari, mkuu wa maabara. Mashine yenyewe aliijua Mkono.

Mwaka ule mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Alijifunza kuegemeza kiwiko mezani na kubana pumzi. Alimwambia dada yake tu, aliyekuwa akiishi naye, na dada akamjibu huku akikunja nguo, "Usithubutu kuwaambia. Wakijua, umekwisha."

Siku ya majaribio, mashine ilifungwa ndani ya meli ya utafiti. Mkono aliposhuka kuikagua, akaona imebanwa ukutani kando ya mota ya pampu. Akamvuta Daktari kando.

"Daktari, mota hii ni sumaku tupu. Ikiwaka itazivuruga atomi. Nipe saa mbili tuihamishe mashine."

"Wafadhili wameshapanda, wewe unaniambia saa mbili?"

"Basi pampu isiwashwe."

"Mama, kaza skrubu zako. Fizikia niachie mimi."

Wageni wawili waliokuwa mlangoni wakacheka.

Nahodha alibaki na setilaiti yake; mashine ikanyimwa, ijitafutie njia yenyewe. Saa nzima alama mbili, ya setilaiti na ya mashine, zilienda bega kwa bega kwenye skrini. Kisha pampu ikanguruma, na alama ya mashine ikaanza kupinda. Ilipofika saa ya tatu ilikuwa imepanda nchi kavu, ikavuka barabara, ikatua katikati ya mji.

"Tumefika sokoni," mgeni mmoja akasema. "Nani anataka nyanya?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alijaza glasi ya maji hadi pomoni, akampelekea Mkono.

"Shika. Kwa mkono wa kulia."

"Daktari, tafadhali."

"Shika, wageni waone."

Akashika. Maji yakamwagika kifuani, yakachirizika mpaka viatuni, na glasi ikagongagonga vifungo vya koti lake huku watu wakitazama.

"Huu ndio mkono uliopanga vioo vyangu," Daktari akawaambia.

"Ni pampu," Mkono akasema. "Izimeni muone."

Hakuna aliyenyanyuka. Fundi wa meli, aliyeijua mota ile vizuri, aliinamia viatu vyake.

Jumatatu akapewa barua ya kuachishwa kazi. Nyumbani dada alilia, na katika kulia kule akasema kwamba mwezi mmoja nyuma alimpigia Daktari simu. "Nilimwomba akupe kazi nyepesi. Nilidhani atakuhurumia."

Mwezi mzima, kumbe. Daktari alijua, akamwacha aendelee kupanga vioo, awepo wa kulaumiwa. Mkono akaingia chumbani, akajifungia.

Miezi minne baadaye redio ilitangaza kwamba majaribio ya pili yamefaulu. Mashine ilikuwa imehamishiwa mbali na mota zote, na Daktari akasimulia kwa sauti ya bashasha jinsi wazo hilo lilivyomjia akioga. Baada ya saa sita baharini walikosea mita arobaini tu.

Dada aliruka kuizima redio.

"Acha," Mkono akasema. "Arobaini ni nyingi. Kioo cha tatu hakijakaa sawa."

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ile. Dada akavuta kiti upesi, akaketi karibu yake, uso umemchangamka, akauliza ni kioo kipi hicho, kinakaaje. Mkono alikuwa amekwisha kugeukia dirisha.