Siku Baba Alipokiri Kwamba Anapika

Enzi zetu, na ninyi mliokulia upande wa Kamanga mtanielewa, shati la mitumba lilikuwa la Krismasi, na betri za redio zilianikwa juani pamoja na dagaa ili zipate nguvu ya taarifa ya habari. Tulicheza rede mpaka tuitwe mara tatu. Mara ya nne ilikuja na fimbo. Watoto wa leo unawaita, wanakujibu, "Kuna nini?"

Vyama vingi vilipoingia, mama akagombea udiwani. Mwanamke! Kata yetu haikuwahi kuona. Alichotaka ni kisima, maana wote tulichota maji ziwani, na mamba alikwisha kumchukua mdogo wake. Kila asubuhi alipanda baiskeli kwenda kuomba kura, akituachia onyo moja: "Mtu asijue nani kapika."

Aliyepika ni baba. Mimi niliyekuwa mkubwa nilikuwa na miaka saba tu, na kwetu mwanamume kushika mwiko ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Basi alijifungia jikoni, akakohoa na moshi wake, akatoka na ugali mbichi katikati na sato aliyeungua upande mmoja. Tulikula, tukanyamaza.

Kwenye mkutano wa mwisho mzee mmoja alisimama. "Mama, maneno yako tumeyasikia. Sasa tuambie, huko nyumbani watoto wanapikiwa na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi mtoto nilijua kura zinapotelea pale.

Ndipo baba akainuka kule nyuma, kofia mkononi. "Shikamooni wazee. Napika mimi. Ugali wangu mbichi, waulizeni watoto hawa. Lakini shemeji yangu aliliwa akichota maji. Heri wanangu wale mbichi kuliko waliwe wao."

Kicheko kilikatika. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana kesho yake shule nzima ingenicheka, na kweli ilinicheka. Mama alishinda kwa tofauti ya kura chache sana. Kisima kilichimbwa, na bado kinatoa maji.

Siku hizi madiwani wanawake ni wengi, wanakuja na magari ya muziki na fulana za kugawa. Vijana wa kiume nao wakikaanga yai moja wanajipiga picha, wasifiwe. Mama hualikwa kwenye sherehe, huvishwa kitenge, hupigiwa vigelegele, na anastahili. Baba hatajwi na mtu. Nilimwonea aibu miaka mingi, na alifariki kabla sijamwomba radhi.