Waliivuta otomatiki yetu kwa kamba toka Kibingo mpaka Kanoni

Wakuu salama? Wakubwa zangu shikamooni. Haya yalinikuta mwenyewe huko Karagwe, mwishoni mwa miaka ya tisini. Sitii chumvi, na hasira bado ninayo.

Siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, Kanoni. Naona lori la kahawa linapanda kilima, nyuma linavuta gari yetu kwa kamba. Matairi yote manne chini, yanazunguka.

Kwenye usukani ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Anacheka na mkono ananipungia!

Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka migombani.

Ngoja niwaeleze. Ile gari ilikuwa automatic, na tuliinunua kwa sababu ya binti yetu Koku. Miaka mitatu, ana selimundu. Maumivu yakimshika ni hospitali ya misheni saa hiyo hiyo.

Aliyetuuzia alinikalisha chini, akanipa masharti. Oil ya gearbox ni ile nyekundu tu, ipimwe injini ikiwa inanguruma. Haiwashwi kwa kusukuma. Na usiivute matairi yakiwa chini: injini ikizima pampu haisukumi oil, gearbox inazunguka kavu, inajila yenyewe.

Niliandika yote kwenye daftari. Form four nilimaliza, kuandika najua.

Shemeji nilimsomea mara mbili. Akasema, "Shem, siku hizi gari nayo inasomewa kama Biblia?"

Sasa kwetu gari ya mmoja ni ya ukoo. Jumamosi hiyo akaja kuomba funguo apeleke ndizi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye harusi Kibingo (siku hizi ni Kyerwa). Mume wangu akampa. Eti kumnyima ndugu ni aibu.

Huko wakapiga redio ya gari mchana kutwa, betri ikafa. Wakasukuma, wanaume wazima na suti zao. Wapi. Ndipo wakatafuta kamba.

"Si imefika?" akaniambia akishuka. "Waitu Mama Koku, ungesema basi asante."

Tukaweka betri nyingine, injini ikawaka. Nikaweka D, haisogei. R, haisogei. Harufu ya kuungua tu.

Alhamisi Koku akashikwa. Baba yake anasukuma baiskeli, mimi nimemshikilia mtoto juu ya carrier. Kila jiwe analia. Vilima vile mnavijua? Tulifika jua linazama, akawekewa dripu ya maji, akapona.

Shemeji hakuja hata kumwona. Alikuwa kilabuni anasema gari za wanawake ni laini.

Mama mkwe akanisihi, "Mwanangu, ya nyumbani hayatoki nje." Nikamuaga kwa heshima, nikaenda kwa karani wa baraza la kata.

Funzo: mwenye otomatiki, asiyetaka kusikia masharti yake usimpe funguo, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Mnaosema nilivunja ukoo, semeni, nitawajibu mmoja mmoja. Ila someni kwanza nilichopeleka baraza la kata, nakala ninayo:

"Namlalamikia shemeji yangu kwa kuua gari ya mgonjwa baada ya kuonywa mara mbili. Sidai fedha. Naomba baraza limwamuru kwamba mtoto akishikwa, aitwe yeye. Ampakie kwenye baiskeli yake, amfikishe hospitali, na asizibe masikio njiani. Hivyo hivyo mpaka siku gari itakapotembea."