Mwani Usiofungwa Kamba

Hafswa wa Kibuyuni hawapendi watu wengi, wala hafichi. Jirani aliyemwambia kwamba maradhi ya figo ni mtihani wa Mwenyezi Mungu alijibiwa, "Basi omba nawe utahiniwe." Ana miaka hamsini na miwili. Mkono wake wa kushoto umevimba pale mshipa unapochomwa sindano, na kila Jumatatu na Alhamisi hulala kando ya mashine katika hospitali ya Msambweni ili damu yake isafishwe. Siku zilizobaki yumo baharini, maji kiunoni, akifunga mwani. Eunice, muuguzi wa mashine, alimkataza kuingia majini na mkono ule. Hafswa alimkatalia.

Kitanda cha kando yake kilikuwa cha Dama, mke wa mfugaji kutoka bara ya Kinango, mdogo wake kwa miaka kumi na mitano. Miaka miwili walilala hivyo, mashine kwa mashine, wakigombana. Walianza kwa kugombania feni, maana ilikuwa moja nayo ilisimama upande wa Dama. Wakaendelea na dirisha, kisha redio, kisha nani kati yao ananuka: mwani au mbuzi. Mgonjwa mgeni alipowasikia mara ya kwanza aliomba ahamishwe.

Alhamisi moja Dama alisema, "Jumapili nachomwa seli shina kule Diani. Mimi na mashine hii tunaachana."

"Nani kakuambia?"

"Chande."

Hafswa alimjua Chande. Zamani aliwatembeza watalii ufukweni. Sasa alizunguka vijijini na simu iliyojaa picha, akiitafutia watu kliniki iliyofunguliwa ndani ya nyumba moja ya kifahari huko Diani. Ahadi yake ilikuwa rahisi: seli changa zitadungwa kwenye mshipa wa mkono, zitaogelea hadi kwenye figo na kuifanya mpya. Maneno kama hayo huuzwa pia katika miji mikubwa ya ng'ambo, kwa lugha nyingine na koti jeupe lile lile. Chande aliongeza sharti moja. Baada ya sindano, mgonjwa asiguse mashine siku kumi, isije ikazitoa seli pamoja na uchafu wa damu.

"Siku kumi?" Hafswa aliinuka kwa kiwiko. "Wewe siku nne tu unajaa kama mbuzi anayepulizwa achunwe."

"Wivu tu, Bi Hafswa."

"Wivu wa nini? Wa sanda?"

Eunice alikuja akasimama kati ya vitanda. "Dada Dama, nisikilize. Seli zenyewe si uongo, wataalamu wanazichunguza kweli. Kazi ngumu ni kuzifikisha. Ukizidunga mkononi, nyingi hunasa mapafuni. Zinazofika kwenye figo ni chache, na hizo chache hazikai. Ndiyo sasa wanatafuta kitu cha kuzishikilia pale pale, kitu kama rojo. Rojo nyingine hupikwa kwa mwani."

"Mwani upi?" Hafswa akauliza.

"Kama huo wenu wa Kibuyuni."

Hafswa alicheka kicheko kibaya. "Yaani mwani wangu utaingia kwenye figo ya mtu nisiyemjua, na mimi nimelala hapa."

"Bado, Bi Hafswa. Kazi kubwa hiyo bado wanaijaribu kwa panya."

"Hata panya wametutangulia."

Dama hakucheka. Alikuwa amejifunika leso usoni. "Nimechoka," alisema chini ya leso. "Natoka nyumbani usiku, narudi usiku. Maji nakunywa kwa kipimo, kikombe cha kahawa. Hamnielewi nyinyi wa pwani, mnaokaa karibu."

Jumapili Hafswa alipanda tuktuk hadi Diani. Uani mwa ile nyumba watu kama thelathini walikuwa wameketi chini ya turubai. Dama alikuwa safu ya mbele na mumewe, Mramba. Chande alisimama mbele yao kwa koti jeupe lililombana mabegani.

"Chande," Hafswa aliita kutoka nyuma. "Hizo seli zikishaingia mkononi, nani anaziambia figo iko wapi?"

"Shikamoo kwanza, mamangu."

"Shikamoo yako kaa nayo. Nani anaziambia?"

Chande alitabasamu. "Zinajua zenyewe. Seli ni ya mwili, na mwili ndio kwao. Nani amewahi kupotea kwao?"

Watu waliguna kwa kuridhika. Lilikuwa jibu zuri, na Hafswa alilijua uzuri wake, kwa kuwa alipata kulisema yeye mwenyewe.

Kilimo cha mwani kilipoingia Kibuyuni, wanawake walifundishwa kusimika vigingi, kutandaza kamba na kufunga kila kichipukizi kwa uzi mmoja mmoja. Hafswa alikataa. Mwani ni wa bahari, alisema, na bahari ndiyo kwao; nani amewahi kumfunga samaki? Alimwaga gunia lake zima katikati ya vigingi akaenda nyumbani, huku wenzake wakiinama hadi migongo ikafa ganzi. Maji makuu ya bamvua yalipokuja na kwenda, hakikubaki hata kichipukizi kimoja. Walimwita Mtupa Mwani. Aliyelitamka jina hilo mbele yake alipigwa kigingi kibichi, na tangu hapo halikutamkwa tena. Nje ya Kibuyuni hadithi hiyo aliijua Dama peke yake, kwa sababu siku moja wakiwa mashineni presha ilishuka, Hafswa akadhani anakufa, akaropoka.

Sasa aliisimulia mwenyewe, mbele ya watu thelathini. Aliisimulia yote, hadi jina. "Nilisema kama anavyosema huyu," alimalizia. "Ni kwao, utakaa. Haukukaa. Unaokaa ni ule uliofungwa. Mwulizeni, hizo seli zenu amezifunga kwa uzi gani?"

Watu walicheka, lakini walimcheka yeye.

"Mama, na mapishi ya pweza je?" mmoja akamtania.

"Tumsamehe," Chande alisema kwa upole. "Maradhi haya hupanda kichwani."

Mramba aliinuka akamshika mkono. "Bi Hafswa, unatuaibisha. Ng'ombe wawili wametoka zizini kwa sindano hii."

Hafswa hakumtazama. "Dama. Siku kumi hutoboi."

Dama hakugeuza kichwa. "Nenda zako, Mtupa Mwani."

Hafswa aliuchomoa mkono wake kwa Mramba. Kisha akasema, "Vyema. Kesho nahamia kitandani kwako. Kina feni."

Jumatatu alifika Msambweni mapema kuliko siku zote. Hakuhama. Alivua leso yake ya mabegani akaitandaza juu ya kitanda cha Dama, akaenda kulala kwenye chake. Mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja nafasi alijaribu kukikalia.

"Ondoka. Kina mwenyewe."

"Bi Hafswa," Eunice akasema, "ikifika saa mbili nitampa. Siwezi kuacha mashine imelala."

"Saa mbili haijafika."

Ilikuwa imebaki robo saa mlango uliposukumwa. Dama aliingia peke yake, uso umejaa, viatu vimeacha alama miguuni. Mkono wa kulia ulikuwa na plasta.

"Umechomwa," Hafswa alisema.

"Nimechomwa."

"Na zile siku kumi?"

Dama alikaa kitandani kwa kishindo, akamnyooshea Eunice mkono wa kushoto, ule wa mashine. "Mramba yuko nje, ananitukana. Nimemwambia ng'ombe wamekwenda, basi. Mimi sikusema nitawafuata."

Eunice alifungua sindano. Dama aliivuta leso iliyokuwa chini yake akaitupa upande wa pili.

"Chukua tambara lako. Linanuka mwani."

Hafswa aliidaka. Kisha akanyoosha mguu na kuigeuza feni, yote, upande wake.