Miche Arobaini ya Mninga

Nilijiunga na klabu ya mazingira ya shule kwa sababu moja tu: wanaklabu walisamehewa mchakamchaka wa Jumatano. Mimi tangu utoto ni mtu wa ndani. Nyumbani Mshangano, hapo hapo Songea, walinitania kwamba nikifa nichimbiwe chini ya kitanda, nisipate tabu ya kuhama.

Klabu yenyewe ilikuwa kitalu cha miti nyuma ya maabara, ndoo mbili, moja inavuja, na mwalimu wa baiolojia kutoka Kagera aliyekataa kufundisha msitu ubaoni. Tulichekecha udongo, tukajaza viriba vya plastiki, tukaotesha. Aliyenivumilia hapo ni kijana wa bweni, mwenyeji wa Mbesa kule Tunduru. Yeye ndiye aliyekuja na mbegu za mninga, zile zenye miiba katikati na bawa linalozunguka pembeni kama sahani. Kila moja aliipasua kwa kisu, vidole vikitoka damu. Wengine walipanda mikaratusi, inayoota hata ukiisahau. Sisi tukapata miche arobaini ya mninga. Nasema sisi, mimi nilishika ndoo, ile inayovuja.

Mwezi wa sita shule ikafungwa. Tulikuwa kidato cha nne. Mimi, wa kutwa, nikaachiwa kitalu.

"Hii nataka niipande pale kwenye chemchemi ya shule kabla hatujamaliza," yule wa Mbesa akaniambia. "Nimemwahidi baba nitaacha kitu Songea. Ukiiua, mwana, usinisalimie tena."

"Nitaimwagilia mpaka iogelee."

"Wewe? Anza kwanza na kuamka."

Nikaamka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa soko la Bombambili, na baridi ya Songea nikaikabili kwa koti la kike lenye vifungo vikubwa kama visosi. Shule nzima hapakuwa na mtu wa kunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Wiki ya kwanza nilizungumza na ndoo. Ya pili nikaanza kuisalimia miche.

Ndipo majani yakageuka njano. Nikaongeza maji. Yakadondoka. Nikaongeza tena. Vikabaki vijiti, navyo vikakauka, mpaka nikawa namwagilia viriba arobaini vya udongo mtupu. Mwalimu alikuwa likizo kwao. Baba yangu, karani, mninga aliujua ukishakuwa kabati.

Basi siku moja nikamwaga udongo wote kwenye lundo la takataka nyuma ya vyoo. Nikaenda Bombambili, nikang'oa miche ya mjohoro iliyojiotea chini ya mti mkubwa, nikaipanda kwenye viriba vile vile. Arobaini kamili. Niliamini kabisa kwamba kijana aliyekulia porini Tunduru hatatofautisha mjohoro na mninga. Ndiyo elimu yangu ya sekondari hiyo.

Aliporudi alikizunguka kitalu kizima, kisha akasema, "Bwana Shamba, mninga wangu umezaa mjohoro. Hongera, utatoka gazetini."

"Ilikufa," nikasema. "Yote. Haki ya Mungu nilimwagilia kila siku."

"Ilikufa au ilikauka?"

"Si yale yale?"

Akachuchumaa, akashika kiriba kimoja. "Mninga mchanga kila kiangazi unakauka mpaka chini. Mzizi unabaki. Mvua ikija, unachipua. Kwetu hata mtoto anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nani anamwambia mtu kwamba kuku hulala?" Akataka kucheka, akashindwa. "Ungekaa tu bila kufanya kitu, bwana. Kazi unayoiweza kuliko watu wote! Iko wapi mizizi?"

Nikaona aibu kutaja vyoo. "Nimeichoma."

Hakunitukana. Aliacha tu kunitania. Miezi ile iliyobaki alinisalimia vizuri, kwa adabu, kama unavyomsalimia mjomba wa mtu mwingine. Tukafanya mitihani. Siku anapanda lori la Tunduru tulipeana mikono. Nilingoja japo neno moja la kejeli kuhusu lile koti. Akasema, "Inshallah, tutaonana."

Mvua zilipokolea nilikwenda shuleni kurudisha kitabu cha baiolojia nilichokisahau kwa makusudi. Nikapita nyuma ya vyoo. Juu ya lundo, kati ya maganda ya mahindi na karatasi za mitihani, vichipukizi vya mninga vilikuwa vimesimama. Sita. Nikageuka kumwita mtu. Hapakuwa na mtu.

Nilivichimbua kwa mikono, nikaogopa hata kuazima jembe lisije likakata mizizi, nikavipanda kwenye chemchemi. Kisha nikaandika barua ya sentensi mbili: Sikuichoma. Iko sita. Nikaweka jani moja ndani ya bahasha, nikaituma Mbesa kwa anwani ya shule yake ya msingi, maana nyingine sikuijua.

Jibu halikuja. Kiangazi kilichofuata miche ikakauka mpaka chini. Nilitoka nyumbani, nikaenda nikakaa kando yake na koti langu la visosi, asubuhi nzima, sikugusa kitu.