Safu Tano za Vigae

Shangazi yangu alideki sakafu ya serikali kwa miaka kumi na moja kama kibarua. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu, ukiisha anapewa mwingine wa miezi mitatu, hadi magoti yakaanza kulia kuliko milango ya jengo. Mabosi na madereva wa malori walimwita Mama Deki. Mimi, mtoto wa kaka yake, wakala wa forodha kwenye jengo hilohilo, nilijisahau siku moja nikamwita hivyo mbele ya watu. Alinikata jicho, nikakosa raha wiki nzima.

Jengo lenyewe lazima nilieleze, maana lina vituko. Nchi yetu na nchi jirani hazipikiki chungu kimoja. Asubuhi zinarushiana vijembe redioni, mchana zinauziana saruji na vitunguu. Sasa wakubwa wakaona ni aibu malori kusimama mara mbili, wakajenga ukumbi mmoja: madirisha yetu upande huu, madirisha yao upande ule, na mstari wa mpaka ukipita katikati ya sakafu. Wapimaji wetu wakaja, wakabandika utepe mwekundu. Wapimaji wao wakaja, wakabandika wa bluu. Kati ya utepe na utepe zikabaki safu tano za vigae, na kila nchi ikaapa kuwa ni zake tangu enzi za mababu. Vigae vyenyewe vililetwa na lori mwaka ule ule, nilivilipia ushuru mimi.

Ukatoka waraka. Hadi tume iamue, upande wowote usifanye "tendo la kiutawala" juu ya zile safu tano. Kupita ruhusa. Kusimama ruhusa, kama huna nia mbaya. Kufagia na kudeki marufuku, kwa kuwa anayesafisha mahali anajifanya mwenye mahali. Taa ya juu yake ikaungua, ikaachwa. Feni ikakwama, ikaachwa. Watu wazima, wamevaa tai, walikuwa wanazunguka uchafu ule kama hawauoni!

Mambo yaliharibika siku abiria mmoja alipoangusha dumu la maziwa katikati. Dumu zima, likapasuka. Siku ya kwanza yalikuwa maziwa. Siku ya tatu sijui tuyaite nini, ila nzi wa nchi zote mbili waliingia bila pasipoti. Mkuu wetu wa kituo akaandika barua makao makuu. Mkuu wao naye akaandika kwao. Baada ya wiki saba tukajibiwa kwamba suala la maziwa limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Shangazi hakungoja hizo wiki saba. Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, kabla madirisha hayajafunguliwa, alichota maji ya moto akaanza kudeki kutoka upande wetu. Kudeki ni kwenda kinyumenyume, usije ukakanyaga ulipokwisha pasafisha. Basi akarudi nyuma, akarudi nyuma, akiwa ameinama na dekio lake, mara paa! Makalio yake yakagongana na makalio mengine. Kugeuka, ni mdeki wa upande wa pili, naye ameshindwa na ile harufu, naye amekuja kuiba kazi asubuhi.

"Ala! Umeingia nchini kwangu," yule mama akasema.

"Nchi yako inanuka, mwenzangu," shangazi akajibu.

Walicheka hadi wakashikana mabega. Maziwa yakasafishwa, kwa maji ya kwetu na sabuni ya kwao. Tangu siku hiyo wakagawana, kwa sababu madekio mawili juu ya safu tano ni fujo tupu. Shangazi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Yule mwingine, ambaye tulimwita Mama Mapacha kwa ajili ya watoto wake, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Asiye na zamu hukaa juu ya ndoo aliyoipindua na kupiga soga. Waliongelea mapacha, waliongelea waume, wakaongelea sana magoti. Goti la kulia la shangazi lilikuwa limekwisha. Daktari alishasema ni la kupasuliwa, lakini kibarua hana bima, na kupasua goti bila bima ni ndoto za mchana.

Kila mtu alijua nani anadeki pale. Wakuu wote wawili walijitia hamnazo. Asubuhi wanakuta vigae vinang'aa, wanakohoa kidogo, wanapita. Miaka tisa ikaenda hivyo.

Halafu wakubwa wakataka reli. Reli ipite kwetu, ipite kwao, nchi zote zineemeke, na hotuba zikawa tamutamu kweli. Lakini waliotakiwa kukopesha fedha za ile reli wakasema kwanza mmalize ugomvi wa mpaka, hadi kigae cha mwisho. Ikaundwa tume ya wasuluhishi kutoka mbali. Na wiki moja kabla haijakaa, akashuka wakili wa serikali kutoka makao makuu, suti imekaa sawasawa, viatu vinang'aa kuliko sakafu.

Tukaitwa ofisini kwa mkuu wa kituo, mimi na shangazi. Mimi niliitwa ili nimsomee karatasi, wakati shangazi anasoma vizuri kunishinda.

"Mama," wakili akaanza, "ni kweli wewe ndiye unayedeki pale katikati?"

Shangazi akajua amekwisha. "Nadeki, baba. Palikuwa pananuka."

Wakili nusura amkumbatie. Akamweleza kwamba hakuna kosa, tena yeye ni shujaa. Nchi inayosafisha mahali miaka tisa mfululizo ndiyo inayopatawala, na ushahidi wa namna hiyo hata wapimaji hawana. Akatoa hati ya kiapo, imeshachapwa. Ilisema kwamba yeye, peke yake, kwa maagizo ya serikali yake, amedeki safu zile tano kila siku bila kuingiliwa na mtu yeyote wa taifa jirani. Pembeni ya hati akaweka karatasi ya pili. Ilikuwa barua ya ajira ya kudumu. Pensheni, likizo, bima ya afya. Ilikosa saini ya mkuu tu, na mkuu alikuwa ameshika kalamu.

Miaka kumi na moja mwanamke anaomba barua ile, leo iko mezani.

"Nipeni hadi kesho," shangazi akasema.

Tulipofika kwenye korido nikawaka. "Kesho ya nini? Shangazi, tia saini! Goti hilo!"

"Goti ni langu, usinipigie kelele."

"Basi kinachokuzuia ni nini?"

"Hapo pameandikwa peke yangu. Mwenzangu ana siku tatu zake kila wiki. Nizifanyeje, nizimeze?"

"Mwenzako ni raia wa nchi nyingine!"

"Nikimwibia siku zake nitakuwa mwizi wa nchi gani?"

Nilimwambia maneno mabaya siku ile. Nilimwambia atakufa akiwa ameinama. Nayajutia, lakini niliyasema, na niliyasema kwa sauti.

Wiki ile Mama Mapacha hakuonekana. Jumanne, zamu ya mwenzake, shangazi alikaa juu ya ndoo akimngoja, mwishowe akainuka akadeki mwenyewe, kwa kuchechemea. Hatukujua kwamba mama wa watu naye alikuwa amefungiwa ofisini kwao na wakili wa kwao.

Kesho yake, kama alivyoahidi, shangazi alirudi kwa wakili akasema yuko tayari. Nilitaka kupiga vigelegele. Akavaa miwani, akainama juu ya ile hati, akaandika polepole. Nikasema moyoni, saini gani ndefu hivi? Wakili alikuwa anatazama saa, ana ndege ya kuwahi. Aliichukua hati, akaitia kwenye bahasha bila kuiangalia, akatuahidi kwamba barua ya ajira itasainiwa siku ya hukumu, akaondoka mbio.

Wakili yule hakumjua shangazi. Mimi nilimjua, ilikuwa nishtuke. Huyu ndiye mwanamke ambaye kwenye daftari la mahudhurio, akichelewa, huandika mwenyewe "nimechelewa dakika nne, mvua," wakati wenzake wote, hata waliolala nyumbani, wamefika saa moja kamili. Karatasi ikiwa na kosa, mkono wake haupiti juu ya kosa. Si ujasiri, wala hakuwa anapigania haki za binadamu. Ameumbwa hivyo tu, anakera.

Tume ikakaa. Tulisikiliza redioni, ofisi nzima, hata watu wa kwenye foleni waliacha foleni. Msuluhishi mkuu akasoma hati yetu kwa sauti, neno kwa neno, ila majina ya mashahidi tu, ambayo tume iliagiza yafichwe. Akafika pale, akasita. "Hapa neno 'peke yangu' limekatwa," akasema, "na juu yake pameandikwa kwa mkono: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine anadeki mwenzangu wa upande wa pili, naye anasugua kona vizuri kuliko mimi."

Mkuu wetu wa kituo akakaa chini. Kiti kilikuwa mbali kidogo, akakaa sakafuni.

Msuluhishi akafungua hati ya wale wengine. Maneno yaleyale, maana mawakili wale wawili walisoma chuo kimoja. Peke yangu, maagizo ya serikali, bila kuingiliwa. Na pale pale, peke yangu imekatwa. "Jumanne, Alhamisi na Jumamosi," akasoma. "Zilizobaki ni za mwenzangu. Ana goti bovu lakini hajawahi kukosa." Hawakuwa wameonana, jamani. Hawakupanga chochote. Tulisikia watu wakicheka kule kwenye tume, na nadhani hata msuluhishi mwenyewe alicheka.

Hukumu ilikuwa fupi. Safu tano ni za nchi zote mbili, kwa pamoja, kama zilivyokuwa miaka tisa.

Nchi zilizoshindwa kwa miaka tisa na zaidi kukubaliana nani abadilishe taa moja, zilikubaliana ndani ya siku nne. Siku nne! Zikaunda kamati ya pamoja, kamati ikatangaza zabuni ya pamoja, kampuni moja ya usafi ikapewa jengo zima, na vibarua wawili, wa huku na wa kule, wakaachishwa kwa barua zinazofanana hadi nukta. Barua ya ajira ya kudumu haikuonekana tena. Mkuu, nilipomuuliza, aliniambia niangalie leseni yangu ya uwakala isije ikachafuka.

Sherehe ya kusaini ushirikiano ilifanyika palepale ukumbini. Walitandika zulia juu ya vigae vyenyewe, wakaweka meza, wakubwa wakashikana mikono mbele ya kamera, na mahali pakapewa jina, Ukanda wa Ushirikiano. Mmoja wao alisema kwenye hotuba kwamba mfano huu umeanzia kwa wananchi wa kawaida. Makofi yakapigwa. Shangazi alikuwa anatazama kwenye televisheni ya jirani, mguu ameuweka juu ya stuli.

"Zulia hilo halijakung'utwa vumbi," akasema, basi.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa na hasira hata sikujua niombe radhi kwa lipi, na nikaanza kulia kama mtoto. Akaniambia ninyamaze, nimpeleke forodhani. Anataka kwenda kumwona Mama Mapacha.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kitambulisho chake cha kazi walikichukua, na bila kitambulisho haruhusiwi kupita ukumbini isipokuwa kama msafiri. Siku hizi malori yanapita bila kufungua turubai, ushirikiano umeiva. Binadamu anajaza fomu. Basi akapanga foleni kwenye dirisha la tatu, mkono kwenye bega langu, nyuma ya wafanyabiashara kumi na wawili. Ofisa wa pale alikuwa amekunywa chai aliyopikiwa na shangazi kwa miaka kumi na moja.

"Shikamoo, mama. Sababu ya safari?"

"Marahaba. Kumsalimia shoga yangu."

"Jina kamili la mwenyeji?"

Shangazi akavaa miwani, akaitazama fomu. Nikamtazama. Alikuwa anajua mapacha walizaliwa mwezi gani, anajua mume wa yule mama anakoroma, anajua goti lipi linamsumbua wakati wa baridi.

"Mama Mapacha," akasema.

"Hilo siwezi kuliandika, mama. Na anuani yake?"

Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Shangazi akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye pochi. "Miaka tisa, mwanangu," akaniambia tukitoka, "sikumuuliza jina. Tulikuwa na kazi."

Nilimkalisha kwenye benchi la nje. Mimi nina kibali cha wakala, napita ninapotaka, basi nikavuka ukumbi nikaenda dirisha la wale wengine kumuuliza ofisa ninayefahamiana naye. Akashusha sauti. Akasema yule mama alikuja juzi, akasimama palepale niliposimama, akiuliza jina la shangazi yangu na anapokaa. Hawakumwambia.

"Kwa nini?"

"Sababu za usalama wa taifa," akasema, na aibu ilimjaa usoni.

Nikauliza, na jina la yule mama? Halimo, akasema, mafaili ya vibarua yameshapelekwa makao makuu. Nikatoka kwa mlango wa upande wao, nikamsimamisha mtu wa kwanza niliyekutana naye, nikamuuliza kama anamfahamu mama mmoja mwenye watoto mapacha, aliyekuwa akideki forodhani.